Nyuzi Thelathini na Tisa

Kazi yangu ni kufuta sakafu na kuhesabu vichwa.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bado giza,
theluji inaangukia beseni la nje
na kabla haijagusa maji, haipo.
Vichwa vitatu: kofia ya sufi, kofia ya sufi, upara.

Upara ni wa Sturla, dereva wa greda la theluji.
Amemaliza kitabu. Saa kumi na tisa na dakika arobaini,
Ísafjörður hadi handakini, handakini hadi Ísafjörður,
kikisomwa masikioni mwake huku jembe likikwangua lami.

"Hujakisoma," anasema Hallbera. "Umesomewa.
Mtoto pia husomewa, kisha akalala."
"Mimi nikilala, greda linaingia baharini.
Sikio halilali njaa, mama, na langu limeshiba."
"Na macho hayana pazia. Ungefungua ukurasa ukaona."
"Ningeona nini?"
"Nafasi. Pale aya inapokatika, weupe wote ule.
Huyo msomaji wako alifanya nini penye weupe?"
Sturla anafikiri, mabega yake yanatoa mvuke.
"Alimeza mate," anasema. "Nilimsikia."

Hapo nikasahau kuhesabu.

Bronka alikuwa kimya, kidevu majini,
ametoka zamu ya usiku kiwandani,
vidole vyake havijaachana na harufu ya samaki.
Yeye kakisoma kwa Kipolandi,
nakala aliyotumiwa na dada yake kutoka Łomża
pamoja na soksi na uyoga mkavu.
"Namwonea huruma yule mwanamume," anasema,
"peke yake kituoni, anapima upepo,
anangoja barua."

"Mwanamume gani?"
"Anayesimulia."
"Ni mwanamke! Nimekaa naye saa kumi na tisa,
ana mkwaruzo kooni kila sura inapoanza—"
"Mwanamume. Ukurasa wa kwanza, neno la pili: *nilikwenda*.
Kwetu huwezi kwenda hivi hivi tu.
Kitenzi kinakusimamisha mlangoni, mume au mke?
Usipokijibu, huingii."

Wote wawili wanamgeukia Hallbera
kama watoto wanaogombea yai.
Hallbera, miaka thelathini na minne nyuma ya meza ya maktaba,
anajua kuchelewa.

"Haisemwi," anasema. "Kurasa mia tatu na kumi na mbili.
Mwandishi kakwepa kila sifa ambayo ingemsaliti.
Hakuna mahali msimulizi amechoka, kuna uchovu tu.
Si mpweke, ila upweke umekaa kitini na buti zake.
Nilidhani mnajua."

Kelele iliyofuata!
Mfasiri ni mwongo.
Mfasiri afanye nini, atafune ulimi?
Basi aliyekisoma kwa sauti ni mwongo zaidi,
kamvika mtu koo bila kumpima.
Mbona nililia, kama ni uongo?
Hata kitunguu kinakuliza.
Sawa, Hallbera, na wewe uliyesoma kwa macho matupu,
ulimwona nani?

Theluji.

"Kaka yangu," anasema. "Ísleifur.
Lakini hilo halimo kitabuni."

Bronka akanyoosha mkono kumshika bega,
kiwiko kikagonga mfuko wa plastiki ukingoni,
na kitabu cha Hallbera kikaingia majini, kizima,
na alamisho lake.
Maji ya moto hayachomi nyumba, waliambiana,
karatasi hawakuitaja.
Nilikiopoa kwa wavu wa majani.

Sasa wameondoka, mmoja kwenye greda, mmoja kitandani,
mmoja sijui wapi, kwa miguu, polepole.
Kitabu kimelala juu ya bomba la joto,
kimevimba kama mkate.
Hakuna aliyeniuliza mimi namwona nani.
Nikafungua ukurasa wa kwanza kwa ncha ya kisu
nikasoma kwa midomo, bila sauti,
*nilikwenda*,
na sauti niliyoisikia ilikuwa ya Bronka,
irabu zake zilizopinda, pumzi yake ya zamu ya usiku.
Aya ikakatika.
Nikameza mate,
kisha nikatazama nyuma yangu.