Saa Nne Mjini Hexham

Shule yetu haimo kwenye ramani.
Barua zetu hupitia anwani ya kiwanda cha blanketi
kilichofungwa kabla sijazaliwa,
na lango la nyuma lina kibao: HATARI, FAHALI.
Fahali hayupo. Tupo wasichana thelathini na mmoja,
soksi za kijivu, majina ya kuazima.
Mimi huitwa Harriet.
Thuwaiba nimemkunja chini ya sanduku
pamoja na kanga moja na cheti cha chanjo.

Bibi Ormerod hutufundisha kutembea.
Ndiyo, kutembea: mwendo wa mtu aliyesahau mkate,
mwendo wa mtu asiye na haraka ila mvua imemkuta.
Jumatano tunafungua kufuli kwa pini ya nywele.
Alhamisi tunasema uongo bila kugusa shingo.
Nilipata tisini na nane.
"Umefunzwa wapi?" akaniuliza.

Sikumwambia: kwa daktari, Leeds,
miaka saba, miguu haijafika sakafuni,
daktari akitamka neno refu lenye ncha
nami nikimgeukia mama, ncha nimeshaivunja:
"Anasema upumzike. Ni uchovu tu."
Nilikuwa mkalimani wake wa kila dirisha,
benki, ofisi ya manispaa, hata mlangoni petu
mwenye nyumba alipokuja kutukana kwa sauti ya juu
nikatafsiri: "Anakusalimu."
Mama akatabasamu.
"Muulize, na kwake hawajambo?"

Sasa zoezi la mwisho. Bahasha, na ndani picha imelazwa kifudifudi.
Mlengwa atashuka treni ya saa nne.
(Wao wameandika kumi. Mimi bado nahesabu saa
kama alivyonihesabia aliyenizaa.)
Mfuate saa nne nzima. Asikuone. Andika kila kitu.
Nikaigeuza picha.

Koti la kijani la mtumba.
Kifungo cha tatu si ndugu wa wenziwe;
nilikishona mimi.

Ilikuwa siku ya soko: jibini, soksi za sufi,
mbwa waliovaa makoti mapya kuliko lake.
Nilijibanza nyuma ya gari la samaki.
Alibeba mfuko wa buluu, na hata katika upepo ule
iliki ilinifikia, ikanishika mkono kama mtoto.
Nilibaki hapohapo.
Nilingoja apotee. Nilingoja asimame katikati ya njia
na kikaratasi chake, atafute uso wangu.

Hakupotea.
Alimwendea muuza jibini, akasema naye Kiingereza
kilichonyooka kama timazi,
Kiingereza chenye mzaha kuhusu mvua,
kinachocheka pale wenyewe wanapocheka.
Kisha, akichagua sarafu:
"Na pale kiwanda cha blanketi, yule fahali bado yupo?"

Nikakaa kwenye ngazi za kanisa kuu, miguu imefika chini.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na miaka yote hiyo nilidhani kata ni mimi.
Kumbe neno la daktari alilisikia zima, na ncha yake.
Alimsikia mwenye nyumba, tusi baada ya tusi.
Alikaa pale, mkoba magotini,
akinitazama nikihangaika kutafuta maneno laini,
akaniachia nimdanganye.
Sijui kwa nini.
Bibi Ormerod hana somo la jambo hilo.

Saa nane kasorobo aliuweka mfuko kwenye benchi la kituo cha basi,
akauacha, akashika njia ya stesheni.
Hakugeuka. Hakugusa shingo.
Ndani, chini ya kitambaa cha jikoni, visheti.
Nilivihesabu mara mbili:
thelathini na kimoja.

Usiku niliandika ripoti kwa mwandiko wa Harriet.
*Mlengwa hajui Kiingereza.
Alipotea mara mbili, akasaidiwa na wapita njia.
Hakuzungumza na mtu. Hakuacha kitu.*

Bibi Ormerod aliisoma akiwa amesimama,
chembe ya sukari imemganda kwenye kidole gumba.
"Vizuri sana," akasema,
na akagusa shingo.