Mkono wa Kushoto

Opeli ya marehemu Jumberi ilipenda mtaro.
Uachie usukani kidogo tu, hata kwa kupiga chafya,
pua inakwenda kulia, polepole,
kama ng'ombe anayejua zizi liliko.

Miaka minne nimeivuta kushoto,
Kutaisi hadi Tskaltubo, na kurudi,
nikiuza jibini, nikimpeleka mjukuu kung'olewa jino,
usukani umekaa upande kama kofia ya mlevi.
Bega likawa gumu. Nikadhani ni uzee.

"Tairi hili limeliwa kwa nje," alisema Nugzari.
"Ndani jipya, nje kipara. Nani aligonga shimo?"
Jumberi hakuwahi kutaja shimo.
Alisema barabara ndiyo iliyoinama.

Nugzari hakuanza na spana. Alianza na upepo,
tairi zote nne. Kisha akalishika gurudumu
kwa mikono miwili, akalitikisa, akasikiliza
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Ukinyoosha kilicholegea," akasema,
"unapima uongo."

Ulikuwa mkono wa chini, upande wa kulia.
Umepinda kiasi cha ukucha.
Ukucha mmoja!
Akafungua mwingine kwenye Opeli iliyokufa
nyuma ya karakana; kuku wakatoka chini yake wakilalamika.

Kisha uzi. Uzi wa kuvulia samaki,
umekazwa kati ya vyuma viwili,
sambamba na ubavu wa gari.
Usukani akaunyoosha, akaufunga kwa mkanda wa suruali yake,
akawa anafanya kazi huku ameishika suruali.
Chini ya kila gurudumu la mbele, vigae viwili,
grisi katikati, ili ligeuke bila kinyongo.
Akapima ukingo wa mbele wa ringi. Ukingo wa nyuma.
Akalegeza nati ya taya rodi. Robo mzunguko.
Akapima. Robo nyingine.
Akarudisha nusu ya robo.
"Kwa mbele yasogeleane kidogo,
milimita moja, basi,
kama majirani wanaosengenya.
Yakikumbatiana, utanunua tairi kila Pasaka."

Nikampa lari sitini
na gurudumu la jibini. Akalizungusha mezani,
akasema hili halina kasoro.

Njia ya Tskaltubo, gari lilinyooka kama rula.
Mimi nikaenda kushoto.
Lori la maziwa likapiga honi, dereva akanitukana
na mama yangu, na waliomzaa mama yangu.
Nikarudi katikati ya njia yangu. Nikaenda tena kushoto.
Gari lilikuwa limepona.
Mkono ulikuwa bado unamvuta mtu.

Nikasimama kando, injini ikinguruma.
Nikauweka mkono ule pajani,
nikaufunika na leso, sijui kwa nini.
Nikaendesha kwa wa kulia, mwendo wa thelathini,
madirisha wazi,
na mtaro ukapita ubavuni, kilomita zote zile,
bila kuniita.