Maneno Ishirini ya Kibao

Barua imetoka ofisini: andika historia ya kituo,
maneno ishirini, yasizidi,
kibao ni kidogo na shaba ni ghali.
Miaka thelathini na moja nimekata tiketi chini ya Malindi
na sijawahi kumaliza hata salamu kwa maneno ishirini.

Nianzie wapi? Palikuwa na kisima cha Bi Mwanashee,
maji magumu, sabuni haitoi povu,
lakini chai yake, walioionja waliapa.
Wakaja wapimaji na kamba na vigingi vyekundu,
wakasema treni ya Barani itapita hapa, chini,
maana juu mji umeshajaa,
nyumba imeegemea nyumba kama walevi wa mnazi.

Ngumbao, mkata mawe wa Maweni,
ndiye aliyeshuka kwanza, sururu begani.
Dhiraa kumi, akakuta kome na chaza juu ya kichwa chake,
na tumbawe lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi.
Akapanda, akajipangusa, akawaambia wenzake:
jamani, bahari ilishapita huku,
na nauli haikulipa.

Kisha kaburi.
Halina jina, halina hata kibao cha maneno mawili.
Wahandisi: lihamishwe.
Wenye mtaa: kwa idhini ya nani?
Miezi saba ya vikao, kahawa na halua,
hadi ramani ndiyo iliyohama.
Ndiyo maana jukwaa letu limepinda kama mundu
na treni ikifika pale hulia sauti nyembamba.
Wageni huuliza, ni breki?
Sisi hunyamaza.

Bamvua la mwaka wa tatu maji yaliingia bila tiketi.
Ikaletwa pampu, tukaiita Kidawa,
kwa kuwa ikianza kusema hainyamazi hadi alfajiri.

Halafu ile miaka tisa, reli kavu, taa zimekatwa.
Walikifunga kituo, hakikufungika.
Joto la kaskazi lilipobana
wanafunzi wa Muyeye walishuka kusomea ngazini, kwenye ubaridi.
Sidi Mapenzi akaleta karai lake la viazi mlangoni.
Na mtoto akazaliwa jukwaa la pili,
wakamwita Safari, na treni hamna.

Haya. Nimehesabu kwa vidole, mara tatu:

*Hapa palikuwa na kisima. Kisima kikawa kituo.
Ukishuka, shika ukuta: una chumvi.
Aliyeuchonga anaitwa Ngumbao. Aliyeupinda amelala.
Msimwamshe kwa honi.*

Wamenijibu jana. Mazuri, wamesema,
ila sentensi ya Ngumbao itolewe,
nafasi hiyo ni ya waziri.

Nina kipande cha chaki mfukoni.
Chumvi ya ukuta huyala maandishi, naijua tabia yake,
mwezi hauishi.
Basi kila baada ya bamvua nitashuka,
ngazi ya arobaini, mkono wa kushoto,
niandike tena neno moja.