Mstari wa Saba

Hapa zamani palikuwa kwa dobi.
Mama alileta mashuka kila Jumatatu,
yakarudi nyumbani yamekakamaa kama kadi za mwaliko.
Leo mahali pa mashine za kufulia
yamesimama matangi mawili ya shaba, yamenona, yanang'aa,
na povu limebaki povu.
Limebadili kazi tu.

Židenice, Brno, jioni ya Alhamisi.
Theluji imegeuka tope, tramu inasaga meno kwenye kona.
Meza zote zimejaa.
Tibor, mhudumu asiyemwuliza mtu anataka nini,
ananielekeza kwa kidevu kwenye kiti kimoja kilichobaki,
uso kwa uso na Vlastimil wa ghorofa ya tatu.

Miaka minne hatujasalimiana.
Kisa ni ndoo, ngazi, na nani zamu yake ya kupiga deki.
Ukikisimulia kwa sauti kinakuaibisha,
kwa hiyo tulikifuga kimyakimya,
kila mtu nyuma ya mlango wake.

Tibor analeta bilauri mbili,
anachora mistari miwili kwenye karatasi.
Karatasi moja.
Nafungua kinywa nimsahihishe, naye keshaenda zake.

Bia ya kwanza ni ya dhahabu,
uchungu wake unachelewa kufika,
kama jibu zuri unalolikumbuka ukiwa umeshalala.
Mimi natazama dirisha.
Vlastimil anasoma kichupa cha chumvi.

Chakula kinakuja.
Kwangu shavu la ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa pilipili tamu,
na mkate wa mvuke uliokatwa kwa uzi, vipande sita, vyeupe, vinene.
Kwake soseji za siki, zile tunazoziita waliozama,
zimetolewa mtungini na vitunguu vyake,
baridi, chachu, za kukunja uso.
Mkate wake unamwishia kabla ya siki.
Anafuta sahani kwa kidole, akidhani simwoni.

Nikasukuma kipande kimoja upande wake.
Sikusema karibu.
Mkono ulikwenda wenyewe; mkono haukuwepo siku ya ndoo.

Akala. Akameza. Akasema,
"Ya tatu, chukua ile nyeusi ya moshi."
Nikachukua.
Ilikuwa na ladha ya ganda la mkate lililoungua,
na koti la baba siku alizochoma majani bustanini.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Nikasema, "Si mbaya."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Sisi Bohumila hatumsifu.
Anatoka kwenye mapipa, mikono myekundu, shayiri kwenye nywele,
anatazama bilauri zetu kama zimeisha,
anarudi ndani bila neno.
Mwaka wa tisa huu, na maji hajatia.

Kisha hesabu.
Tibor akageuza karatasi: mistari saba.
"Minne yangu," akasema Vlastimil.
"Minne ni yangu," nikasema.
"Wewe ulikunywa mitatu, nilihesabu."
"Ulikuwa unanihesabia?"
Sauti zikapanda, meza ya jirani ikageuka,
nami nikatambua sauti hii, ni ile ile ya ngazini,
ila safari hii kila mmoja
alikuwa akiigombania ndoo aibebe yeye.

Tibor akatutoza sita.
Karatasi akaitundika kwenye msumari juu ya kaunta,
mstari wa saba umebaki pale, haujafutwa.
"Mtaumaliza Alhamisi," akasema, akaenda kufuta meza.

Tulitembea hadi nyumbani bila mazungumzo ya maana:
bei ya gesi, goti lake, mbwa wa yule mama wa chini.
Viatu vyetu vikapandisha tope ngazini, hatua kwa hatua,
nyayo zake kando ya zangu,
kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile.

Ghorofa ya pili nikatoa ufunguo.
Yeye akasimama, akatazama uchafu wetu wote chini.
"Kesho ni zamu yangu," akasema.

Alidanganya. Ilikuwa yangu.