Pindua

Ruwi. Muuza vitambaa keshaanza kubonyeza kikokotoo:
riali ishirini na tano, punguzo asilimia kumi na sita.
Bi Thuwaiba hata miwani hakuvaa.
"Nne. Nikupe ishirini na moja."

Nje nikamuuliza kaijuaje.
"Ikikukalia vibaya, pindua:
kumi na sita kwa mia ya ishirini na tano
ni ishirini na tano kwa mia ya kumi na sita.
Robo tu, kama ya sukari."

Akapuliza chai ya karaki.
"Unguja nikiitwa Mmanga.
Hapa, Mzinjibari.
Nimepindua weee,
jibu lile lile."

Kisha, bila kunitazama:
"Baisa mia mbili, asilimia tano?"
"Kumi."
"Basi lipa wewe."