Ile ya Uzi

Miaka kumi na mmoja Bi Somoe wa Langoni
alitia achari yake ya ndimu katika chupa za watu:
ya jemu, ya kahawa, ya mayonezi,
na karatasi za zamani hazikubanduka zote,
basi tukila pilau huku tukisoma majina ya wageni.

Mwanawe Shekuwe akanileta na kompyuta.
Nikamchorea punda.
"Punda ni wa kila mtu."
Nikamchorea mlango wa nakshi.
"Huo wa mahoteli."
Nikaandika *Ladha Halisi ya Pwani* kwa herufi za dhahabu,
akacheka hadi miwani ikamteleza:
"Pwani ipi? Mimi hata Mokowe sijavuka tangu Ramadhani."

Nikashindwa. Nikanywa kahawa yake, nikanyamaza.

Ndipo akaingia dukani mtoto wa jirani,
noti ya mia mbili kaikunja kama sambusa,
kusoma bado hajui.
Rafuni achari za wauzaji watatu.
Akanyosha kidole:
"Nipe ile ya uzi."

Tukageuka.
Kila kifuniko chake kilifungwa uzi wa kijani,
umezungushwa mara mbili, fundo upande wa kushoto,
kwa vile vifuniko vya kuokoteza havishiki,
mafuta yasije yakamwagika mkobani.

Nikafuta punda, nikafuta mlango.
Nikabakiza mstari mmoja na fundo lake,
na chini, kwa herufi ndogo: Somoe, Langoni.

Akaitazama sana.
"Na hii ndiyo elfu nne?"
Nikasema ndiyo.
Akanipa tatu, na chupa.