Kisanduku cha Nane

Nakitende alishuka Soroti na basi la asubuhi,
mkoba mgongoni, vumbi la njia nzima viatuni,
akafungua kompyuta juu ya meza yangu
pale pale kinapokaa kidau cha wino.
"Mzee Okwadi," akasema, "nieleze kazi yako hatua kwa hatua,
kama unavyomwelekeza mgeni njia ya msalani."

Nikaeleza.
Fomu inaingia. Naisoma. Nalinganisha jina.
Natafuta faili. Nalipeleka kwa bosi. Anatia sahihi.
Napiga mhuri.
Miaka ishirini na sita, hatua saba.

Kila nililotamka alilifanya kisanduku cha buluu,
akakiburuta kwa kidole, akakifunga mshale
na kisanduku cha jirani, kama watoto wafungavyo mbuzi
kamba moja wakienda mnadani.
Hakuandika hata alama moja ya wale wataalamu.
Saa sita haijafika, maisha yangu yote yalienea kwenye kioo,
na nafasi ikabaki.

Sisemi uongo: kitu kilifanya kazi.
Kilisoma hati za walimu waliokufa,
miandiko iliyolala chali kama mtama baada ya mvua ya mawe.
Pensheni iliyongojewa miezi kumi na minne
ililia kwenye simu ya mtu, Katine, akiwa bado shambani,
vidole vimejaa udongo wa karanga.
Na faili halipotei tena.
Mimi najua mafaili yalikuwa yakipotelea wapi:
droo ya chini, mkono wa kushoto.
Yalipatikana kwa kuku.
Kuku mmoja nilimla mimi. Alikuwa mtamu.
Nalisema hapa kwa kuwa kule halina kisanduku.

Kisha Agosti akaja Asekenye.

Mashine ilikuwa imemkataa usiku, bila hasira,
saa nane na dakika mbili, mimi nakoroma:
JINA HALILINGANI.
Mumewe ni Ojulong kwenye barua ya ajira,
Odjulong kwa mkono wa padri aliyewafungisha ndoa,
Ojulongo kwenye cheti cha kifo, maana karani wa siku ile
alitoka kwa watu wasiopenda neno liishie hewani.
Mashine ikahesabu: wanaume watatu.
"Mmoja tu," akasema Asekenye, "na hata huyo alinizidi."

Hapo ndipo nikakumbuka nilichomnyima Nakitende
pasipo kukusudia, kwa kuwa sikujua ni kazi:
kunyanyua macho.
Kuuliza, mama, si huyu aliyetufundisha kujumlisha
kwa vizibo vya soda, Jumanne akitupiga, Jumatano akitununulia mandazi?
Na kuliona jibu likipita usoni
kabla halijafika mdomoni.

Nikampigia simu. Akacheka.
"Buruta mwenyewe, mzee."
Mimi! Wa kidau cha wino!
Kisanduku kiliniponyoka mara mbili,
mara moja kikamwangukia bosi,
ya tatu kikatulia baina ya jina na faili.
Kikauliza: jina la hatua?
Nikaandika: MWITE MTU.
Kikauliza: nani anawajibika?
Nikaandika Okwadi.
Kikauliza: mwisho lini?
Nikapaacha wazi. Kikakataa kuachwa wazi.
Nikaandika: siku mbili.

Asekenye alilipwa Alhamisi.
Hakuleta kuku, wala sikumtazamia
(nilitazama mlango, lakini kidogo tu).

Juni nastaafu.
Fomu yangu itapita kwenye mishale ile ile, usiku,
hadi kwenye kisanduku nilichokiweka kwa kidole hiki,
na sijui jina la nani litakuwa limekaa ndani yake.
Leo, benchi la nje likiwa tupu, nimezitoa hati zangu
nikazipanga mezani:
Okwadi. Okuadi.
Na moja, ya ubatizo, Okwad,
halafu doa la maji.